Mchoro wa Sitini na Tatu

Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa moja na dakika kumi asubuhi, Shiru Thuo alichukua kisu cha jikoni akakata kamba ya mkonge iliyofunga kigunia cha babake. Alikuwa amehangaika na fundo la kamba ile mpaka ukucha ukavunjika. Ndani ya kigunia mlikuwamo kauntabuku moja nene, na ndani ya kauntabuku michoro ya watu waliofanya kazi na babake, vibonzo vya penseli, kila kimoja kimepewa namba. Mchapishaji wa kijitabu cha mazishi ya mzee alikuwa akiingoja mjini saa mbili. Shiru akafungua kurasa akihesabu. Sitini na moja. Sitini na mbili. Sitini na nne.

Akarudi nyuma. Akalamba kidole akahesabu tena. Palipopaswa kuwa na mchoro wa sitini na tatu palibaki ukingo mwembamba wa karatasi, umekatwa wima na kitu chenye makali.

Alienda kituo cha polisi. Ofisa wa zamu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama kuna kitu kingine kilichoibwa, runinga labda. Shiru akatoka, akampigia simu Khamisa.

Khamisa alikuwa mama wa miaka sitini na saba, mrefu, mwenye mwendo wa haraka. Kwa miaka ishirini na miwili alipika katika kantini ya kiwanda cha kamba na magunia cha Olmara, kule Industrial Area, mpaka kiwanda kilipofungwa. Wazee waliotoka huko bado walimwita Mama Kantini. Alifika nyumbani kwa marehemu, mtaa wa Section 58, saa tatu kasorobo, akavua viatu mlangoni, akaketi mezani bila kungoja kukaribishwa.

"Nani aliona hiki kitabu jana?"

"Wote walioona ni wa kiwanda, anti. Wakati wa maombi kilikuwa kule chumbani kwa baba, juu ya kitanda. Wazee watatu waliomba wakione. Nikawaambia waingie mmoja mmoja, chumba ni kidogo."

"Majina."

"Mzee Mbugua aliingia kwanza, saa kumi na moja hivi. Halafu mzee Bashir. Halafu yule Kipketer." Jina la mwisho alilitamka kama mtu anayetema mbegu.

"Na binamu yako?"

Abby, binamu wa Shiru, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kikombe cha chai. "Mimi? Zii, anti. Mimi nilikuwa nje na masufuria tangu saa tisa. Uliza hata wale wamama wa church."

"Nani alifunga kigunia baadaye?"

Shiru akafikiri. "Mimi nilikifunga saa tisa, kabla watu waje. Kama kamba ya kiatu tu, vile ninajua. Leo asubuhi nikakuta fundo limeshika kama chuma."

Khamisa akainama, akaokota kipande cha kamba sakafuni. Kisu kilikuwa kimekata pembeni. Fundo lenyewe lilikuwa zima. Aliligeuza kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu hata chai yake ikaanza kuweka utando.

Alilijua. Olmara walikuwa na fundo lao la kufungia mdomo wa gunia: mizunguko miwili, ncha inapita chini, mkia unaachwa urefu wa kidole. Ukivuta gunia linakaza. Ukivuta mkia linafunguka lote mara moja. Mgeni hulikata kwa kisu. Mtu wa kiwanda hulifunga bila kutazama, akiongea mambo mengine, na huenda asikumbuke kwamba amelifunga. Khamisa alikuwa amefungua mafundo ya namna hiyo kwenye magunia ya mahindi na maharagwe maisha yake yote ya kazi.

"Aliyekata karatasi ametoka Olmara," akasema. "Angefunga ovyo nisingejua kitu. Mikono ndiyo imemponza."

Kisha akachukua kamba nyingine akafunga fundo kama lile, akayaweka mawili sambamba mezani. Hayakufanana. Moja lilikuwa kama lingine linajitazama kwenye kioo. La mwizi lilikuwa limezungushwa kinyume.

"Mtu wa mkono wa kushoto," Khamisa akasema.

Shiru aliinuka. "Si nilijua! Kipketer ana mkono gani mwingine? Huyo ndiye amekataa babangu azikwe na wenzake, halafu anakuja kuiba ndani ya nyumba yake!"

Ilikuwa kweli kwamba Kipketer hakuwa na mkono mwingine. Wa kulia ulibaki Olmara, Jumamosi tarehe 14 Machi 1998, saa tano na dakika ishirini asubuhi. Mashine ya kuchana mkonge ilikuwa imekwama, yeye ameingiza mkono kuondoa nyuzi, na mtu kwenye swichi, ambaye alisimama nyuma ya ukuta wa bati asione ndani, akaiwasha. Orodha ya zamu ilisema saa nne mpaka saa sita swichi ni ya Hezekiah Thuo, babake Shiru. Meneja alimuuliza mbele ya watu: swichi ilikuwa ya nani? Thuo akajibu: yangu. Hakuongeza neno. Jumatatu akafukuzwa kazi.

Jambo hilo ndilo lililokuwa likiitesa nyumba ile wiki nzima. Wastaafu wa Olmara wana desturi yao. Mwenzao akifa, wao ndio humshusha kaburini, kwa kamba nne walizozisokota wenyewe kiwandani na ambazo Mbugua, mwenyekiti wao, anazitunza. Wameshazika watu thelathini na mmoja kwa kamba hizo. Jumatano jioni Mbugua alimwambia Shiru kwa sauti ya upole: bila Kipketer kukubali, kamba hazitoki. Mazishi ni Jumamosi saa nne. Babake Shiru angeshushwa na vijana wa kukodi.

"Keti kwanza," Khamisa akamwambia. "Hebu tukitazame hiki kitabu vizuri."

Walikipitia ukurasa kwa ukurasa. Thuo alichora kama alivyoongea, maneno machache na kidole kwenye kidonda. Mbugua, aliyekuwa supavaiza wakati huo, alichorwa bata mzinga mwenye firimbi shingoni. Khamisa alichorwa birika lenye miguu, akimfukuza meneja kwa mwiko. Bashir fundi alionekana amelala chini ya mashine, miguu tu na mkono mmoja vimechomoza, mkono umeshika spana kubwa kuliko yeye. Kipketer alikuwa amebeba redio begani kama mtoto mgonjwa.

Nyuma ya kila mchoro palikuwa na sahihi, tarehe na saa.

"Hizi sahihi ni za nini?" Shiru akauliza.

"Hiyo ni kazi ya Mbugua. Alipojiona bata mzinga alienda kushtaki. Meneja akatoa amri: hakuna mchoro bila ruhusa ya mwenyewe, na lazima saa iandikwe, ili siku babako akichora wakati wa kazi ashikwe. Babako akakubali yote, na akaongeza la kwake. Ukishatia sahihi anakuchorea mwingine kama huo, na sahihi na saa ile ile nyuma, unaenda nao nyumbani. Wangu uko ukutani mpaka leo, pale juu ya friji."

Mchoro wa sitini na mbili ulikuwa wa Ijumaa tarehe 13 Machi 1998. Wa sitini na nne, wa mwisho, ulikuwa wa Jumatatu tarehe 16, saa mbili asubuhi. Ulimwonyesha Kiarie, askari wa lango, akifunga lango, shavu moja limevimba kama embe na kitambaa kimefungwa kidevuni mpaka utosini. Chini Thuo aliandika: *Jino la Kiarie limeng'olewa juzi, mimi leo.*

"Alichora siku anafukuzwa," Shiru akasema.

"Ndiyo. Akiwa upande wa nje wa lango." Khamisa akapitisha kidole kwenye ule ukingo uliokatwa. "Kwa hiyo ulioibwa ni wa kati ya Ijumaa na Jumatatu. Kiwanda hakikufunguliwa Jumapili."

Wote wawili walikuwa wamefika kwenye Jumamosi ile.

* * *

Saa tisa alasiri Khamisa alikuwa Sachangwan, baridi ya huko inamuuma masikio. Alimkuta Kipketer nyuma ya nyumba yake, kati ya magunia ya viazi.

"Mama Kantini! Umekuja kuniomba kamba?"

"Nimekuja kukuuliza kama uliiba karatasi."

Kipketer akacheka, kicheko kikavu. Alikuwa mzee mwembamba, mkono wa kulia wa koti lake umekunjwa na kubanwa kwa pini. "Niibe mchoro wa Thuo niufanyie nini? Niwashie moto?"

"Uliingia chumbani mwisho."

"Niliingia. Nilitaka kujiona wakati nilikuwa na mikono miwili. Nikajiona na ile redio. Nikatoka."

"Kigunia ulikikuta kimefungwa au wazi?"

"Kimefungwa. Nikafungua, nikaangalia, nikakiacha wazi pale pale kitandani. Mimi sifungi kitu kama si lazima. Angalia."

Akavuta gunia la viazi, akalibana kwa magoti. Akashika ncha moja ya kamba kwa meno, nyingine kwa mkono wa kushoto, akazungusha kichwa mara moja, akavuta. Fundo lilikuwa la mzunguko mmoja, limelowa mate, limebaki na alama za meno.

"Mara mbili siwezi," akasema. "Nilijaribu mwaka mzima. Shingo haizunguki hivyo."

Khamisa akalitazama fundo lile, akaona kwamba mtu wake si huyu. Lakini kulikuwa na neno moja lililomkwaruza.

"Umesema ulikiacha wazi. Shiru amekikuta kimefungwa asubuhi. Kuna mtu aliingia tena baada yako?"

"Sijui. Mimi niliondoka saa kumi na mbili kasoro. Waliobaki ni Mbugua na shemeji yako Bashir, wanagombania nani atasoma historia ya marehemu." Akatema mate pembeni. "Historia! Mtu amewasha mashine mkono wa mwenzake uko ndani. Kofia yangu nilikuwa nimeitundika kwenye swichi, vile tulikuwa tunafanya sisi wote, ndio mtu ajue kuna mtu ndani. Na baadaye hata pole hakuniambia. Miaka ishirini na saba, Mama Kantini. Angekuja hapa aniambie, Kipketer, nilikosa. Ningemfukuza na fimbo, lakini angekuja."

"Kama si yeye aliyewasha?"

"Alisema mwenyewe ni yeye."

"Alisema swichi ni yake," Khamisa akajibu. "Mimi nilikuwa hapo. Alisema hivyo tu."

Kipketer akavuta gunia lingine.

* * *

Jioni ile Khamisa alirudi Section 58, akapanga michoro yote kwa saa. Alikuwa na daftari, na alipiga mistari kwa penseli kama alivyofanya zamani akihesabu sahani za watu. Wengi walikuwa wamechorwa wakati wa chakula cha mchana, kati ya saa sita na nusu na saa saba na nusu, watu wakiwa wamekaa na midomo imejaa. Jumatatu kumi na mmoja. Jumanne tisa. Jumatano kumi na mmoja. Alhamisi kumi. Ijumaa, hakuna hata mmoja. Michoro ya Ijumaa ilikuwa ya asubuhi na jioni tu.

Aliitazama nafasi ile tupu. Akakumbuka sahani.

Kila Ijumaa, kwa miaka mingi, alikuwa akimwekea Thuo chakula chini ya sahani iliyofunikwa. Thuo alikuja kula saa nane, ugali umeshakuwa jiwe, wala hakulalamika. Khamisa hakuwahi kumuuliza kwa nini. Ijumaa saa sita na nusu yeye mwenyewe alikuwa msikitini, ameacha kantini kwa msaidizi. Na kwenye ukumbi wa mbele kule, upande wa wanaume, alikuwa Bashir, mume wa mdogo wake Jannat. Bashir ambaye kwa orodha ya zamu, Ijumaa saa sita mpaka saa nane, alipaswa kuwa kwenye swichi.

Swichi ilikuwa na watu wawili, Thuo na Bashir, wakipokezana. Kubadilishana zamu bila karatasi ya meneja kulikuwa kosa la kufukuzwa. Thuo alisimama badala ya Bashir kila Ijumaa.

"Shiru," akaita. "Mguu wako. Ulitibiwa lini?"

Shiru alikuwa amezaliwa na mguu uliopinda. Sasa alitembea vizuri, kasoro wakati wa baridi. "Nikiwa mdogo sana. Walikuwa wananibadilisha plasta kila wiki. Kadi iko kwa sanduku la mama."

Kadi ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Mihuri ilipangana safu kwa safu, yote ya asubuhi. Januari, Februari, Machi. Khamisa hakuhitaji kalenda. Muhuri wa tarehe 7, muhuri wa tarehe 14, muhuri wa tarehe 21.

"Jumamosi," akasema. "Zote ni Jumamosi. Nani alikuwa anakupeleka?"

"Mama alikuwa anauza mboga sokoni Jumamosi. Alikuwa baba." Shiru alisikia alichokuwa anasema baada ya kukisema. Akaketi juu ya sanduku. "Alikuwa ananibeba mgongoni. Alikuwa ananichorea watu kwenye foleni ndio nisilie."

Kwa hiyo mchoro wa sitini na tatu haukuwa wa ajali. Thuo hakuchora ajali kwa sababu hakuiona. Alichora alichokiona, na Jumamosi ile saa tano alikuwa kwenye foleni ya hospitali. Katika kitabu hiki hakuchora mtu asiye wa Olmara. Ni nani mwingine wa Olmara aliyekuwa hospitalini siku ile?

Khamisa akafungua ukurasa wa mwisho. Shavu kama embe. *Jino la Kiarie limeng'olewa juzi.* Juzi ya Jumatatu ni Jumamosi.

Kiarie alishakufa. Mkewe, Rahab, alikuwa hai, anaishi Longonot karibu na stesheni. Khamisa alimpigia saa mbili kasorobo usiku.

"Rahab, mzee wako alikuwa na mchoro wa Thuo?"

"Alikuwa na miwili. Wa lango alinuna nao. Ule mwingine aliupenda sana, yuko kwenye benchi analia kama mtoto na mtoto mdogo wa plasta anamshika mkono. Uko ndani ya kitabu cha nyimbo. Kwani ni nini?"

Khamisa alifumba macho. "Njoo nao kesho. Tafadhali uje nao wewe mwenyewe."

Baada ya hapo alibaki na jambo moja, nalo hakulitaka. Alifungua mchoro wa arobaini na moja, Bashir chini ya mashine. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amempakulia Bashir chakula, akamwona akila kwa mkono wa kulia, akisalimia kwa mkono wa kulia, kama walivyofundishwa wote. Kazini hakuwahi kumwona. Thuo alimwona. Mkono uliochomoza chini ya mashine, ulioshika spana, ulikuwa wa kushoto.

* * *

Ijumaa saa kumi na nusu jioni walikuwa sebuleni: Mbugua kwenye kochi kubwa, fimbo kati ya magoti, Bashir karibu na mlango, kofia nyeupe kichwani, Rahab na mkoba wake mapajani, Shiru na Abby. Kipketer alifika mwisho, akakataa kuketi. Alisema amekuja kwa sababu Mama Kantini alimwambia asipokuja atajuta.

Uani kulikuwa na magunia mawili ya mchele, yamefunguliwa kwa ajili ya wapishi.

"Mbugua, nisaidie kufunga gunia moja," Khamisa akasema. "Shemeji, wewe lile lingine. Mvua inakuja."

"Wewe mwanamke bado unatutuma kama tuko kantini," Mbugua akalalamika, lakini akainuka. Walifunga wakiongea, Mbugua akieleza jinsi magunia ya siku hizi yalivyo mepesi. Haikuchukua nusu dakika. Khamisa akawafuata, akatazama, akatoa mfukoni kile kipande cha kamba cha Alhamisi. La Mbugua lilizunguka hivi. La Bashir lilizunguka vile, kinyume, sawasawa na lile lililokuwa kiganjani mwake.

"Rudini ndani," akasema. Sauti yake haikupanda.

Alieleza kwa mpangilio: fundo, kisha mkono, kisha Ijumaa zisizo na mchoro, kisha kadi ya hospitali. Mbugua alimkatiza mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa anyamaze. Mwishoni Rahab akafungua kitabu cha nyimbo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akampa Shiru. Shiru akaisoma nyuma kwa sauti.

"*Mimi J. Kiarie nimejiona na nimekubali. Foleni ya meno, 14/3/98, saa tano na robo.*"

Mchorwa alikuwa mwanaume mzima, mdomo wazi, machozi kama mvua. Kando yake kitoto chenye mguu wa plasta kilikuwa kikimfariji.

"Dakika tano kabla ya ajali," Khamisa akasema. "Kutoka hospitali mpaka Olmara ni nusu saa kwa miguu, na mtoto mgongoni. Shemeji, ile karatasi uliyokata iko wapi?"

Bashir alikuwa anaangalia mikono yake. Aliigeuza, kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyemwachia aitunze.

"Nimeichoma," akasema. "Jana."

"Ulirudi saa ngapi kukifunga kigunia?"

"Magharibi. Niliikata ile saa niliingia mara ya kwanza, nikafunga. Halafu nikakumbuka sikuangalia kama kuna nyingine. Nikarudi, nikakuta Kipketer ameacha wazi. Nikaangalia. Nikafunga tena." Akatingisha kichwa. "Sikumbuki kufunga. Wallahi sikumbuki."

"Simulia Jumamosi," Kipketer akasema kutoka mlangoni.

Bashir akamgeukia. Ilionekana kwamba kwa mtu huyu peke yake alikuwa amejitayarisha, miaka yote, na bado maneno yalimpotea.

"Jumamosi mimi ndiye nilikuwa namshikia Thuo swichi aende hospitali. Siku hiyo nilichelewa. Saa ya kupokea ilikuwa saa nne, mimi nikafika saa tano na dakika ishirini, nilikuwa bado nashughulikia boila. Thuo alishaondoka. Swichi ilikuwa haina mtu. Nikasikia Mbugua anapiga firimbi, kazi imesimama, nikadhani swichi imejizima. Kofia yako haikuwa kwenye mkono wa swichi, Kipketer. Ilikuwa imeanguka. Niliiona baadaye, chini, nimeikanyaga. Nikawasha. Nikasikia sauti yako. Nikakimbia mpaka boila, nikashika spana. Waliponikuta nilikuwa nimeshika spana."

"Na Thuo?"

"Alirudi saa sita na lori la mkonge, kama kawaida. Akaniangalia mara moja tu, akajua. Meneja akamuuliza. Baadaye nikamfuata, nikamwambia nitasema. Akaniambia, ukisema, wataanza kuuliza zamu, na watajua Ijumaa zote. Watafukuzwa Waislamu wote wa Olmara, hata Mama Kantini. Mujahid wako ana wiki tatu. Mimi nishafukuzwa, imekwisha. Akasema yeye mwenyewe hatakanyaga kwa Kipketer, atashindwa kunyamaza."

Khamisa alisikia jina lake, na la mtoto wa mdogo wake. Kazi yake kule kantini aliifanya miaka minane zaidi baada ya siku ile.

"Kiwanda kilifungwa 2006," Shiru akasema. "Hakuna mtu angefukuzwa tena. Mzee Bashir, umekuja hapa kila Idi na mahamri. Umemzika mamangu. Baba alipooza miaka mitatu kwa hicho kitanda, watu wa Olmara hawaji, wewe peke yako unakuja. Nilidhani unampenda."

"Nilimpenda."

"Kwa nini hukusema?"

"Kila mwaka nilisema mwaka ujao. Mtu akishaitwa mzee mwema, Shiru, anaogopa." Alivua kofia yake, akaikunja. "Nilitaka kufa nikiwa huyo. Nikaona ile tarehe nyuma ya karatasi, mkono ukaenda mfukoni kwenye wembe kabla sijafikiri."

Mbugua alifungua mdomo kusema kitu cha mwenyekiti. Kipketer akamwinulia kiganja.

"Mimi nimemchukia mtu miaka ishirini na saba," akasema polepole, "na hata huyo mtu si yeye. Sasa hiyo chuki nipeleke wapi? Nikupe wewe? Wewe ulikuwa unaniletea mbegu za viazi." Alikuwa anapumua kama amepanda mlima. "Mbugua."

"Naam."

"Kamba ziko wapi?"

"Ziko kwangu."

"Kesho uje nazo zote nne."

* * *

Jumamosi saa nne mchapishaji alikuwa ameshaleta vijitabu. Katikati, kwenye nafasi ya sitini na tatu, palikuwa na Kiarie na mtoto wa plasta, na chini yake sahihi na saa. Watu walikuwa wakifika hapo, wanacheka, kisha wanasoma saa, kisha wananyamaza. Bashir alikuwa amekwisha kusimama mbele ya watu wote, na alichosema Ijumaa alikisema tena, kwa maneno machache zaidi. Jannat alikuwa ameketi nyuma kabisa, mtandio umefunika uso. Khamisa alikaa kando yake. Walikuwa hawajaongea tangu jana, na Khamisa hakujua wataongea lini.

Kamba zililetwa. Mbugua alifunga ya kwanza kwenye kishikio cha jeneza, mzee mwingine ya pili. Kipketer alipiga magoti kwenye udongo mwekundu, akashika ya tatu kwa meno. Ilimchukua muda. Hakuna aliyemsaidia, kwa sababu aliwakataza kwa macho.

Ya nne ilibaki chini. Wazee waliikodolea macho, hakuna aliyeinama.

Kipketer alipangusa mdomo kwa bega. Akatafuta kwenye umati mpaka akampata Bashir, aliyesimama mbali karibu na uzio, kofia mkononi.

"Wee fundi!" akaita. "Swichi ya huyu mtu siku hiyo ulishika wewe. Njoo ushike na kamba."

Bashir alikuja. Alipiga magoti upande wa pili wa jeneza, akazungusha kamba mara mbili, kinyume, kwa mkono wake wa kushoto, watu wote wakimwona, na akaacha mkia wa urefu wa kidole.

Wakainuka wanne. Khamisa alitazama saa yake kwa mazoea. Ilikuwa saa tano na robo.

"Taratibu," Mbugua akasema, na wakamshusha.